Ndege Aliyerudishwa Mnadani

Juzi kazini, pale kwenye duka la dobi ninapofanya kazi huku Parkdale, Kanada, duveti ya mteja ilipasuka ndani ya mashine ya kukaushia. Nilipofungua mlango manyoya yakanirukia usoni, mengine yamelowa, mengine yameanza kuungua, na ile harufu ikaniingia puani kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nikacheka, maana mimi hucheka kwanza. Halafu nikakaa juu ya kikapu cha nguo nikalia kidogo. Harufu ya manyoya yenye joto huwezi kuijua sawasawa mpaka uwe umelala na ndege ndani ya sanduku kando ya mto wako. Mimi nililala naye siku kumi na mbili.

Tulikuwa wawili, mimi na Mama, ghorofa ya kumi na moja kule Dixon, ambako ndege za abiria zilipita karibu hadi vikombe vikatikisika. Mama alikuwa akiwatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Kiingereza alikijua, lakini alikitumia kama sare ya kazi: akifika nyumbani anakivua. Jumamosi moja tulipita kwenye duka kubwa tukakuta meza, na juu yake ndege aliyekaushwa, mkubwa kama jogoo mwembamba, mkia mrefu, kifua cha rangi ya shaba. Mama akasimama ghafla.

"Kwale!" akasema peke yake.

Mzee wa Kihindi aliyekaa nyuma ya meza akainua kichwa. "Si kwale, dada. Lakini ni ndugu yake."

Kwa Kiswahili! Mama nusura aangushe mifuko. Kumbe mzee ni Mgoa, mzaliwa wa Nairobi, karani mstaafu, jina lake Furtado. Wenyewe, akaeleza, wanamwita huyo ndege fezanti. Yeye alikuwa katibu wa chama kidogo cha kutunza mapori ya ndege wanaowindwa. Walikuwa na shamba la kukodi kaskazini ya jiji, wanapanda nyasi ndefu, wanakata vichaka vibaya, wanalea vifaranga kisha wanawaachia, na kila mwaka wanafanya chakula cha jioni cha kuchangisha. Mama akanunua uanachama wa watu wawili hapo hapo. Nikapewa kadi yenye jina langu. Nilikuwa na miaka minane na sikuwa nimewahi kuwa mwanachama wa kitu chochote. Usiku nililala nayo ndani ya soksi.

Usidhani tulidanganywa. Mama alijua kuwa hao wanachama wengi ni wawindaji, na hakuona ajabu. Kwao, alisema, babu yake aliyetega kwale ndiye aliyewagombeza watu waliochoma kichaka cha kwale. Anayekula ndege ndiye anayemlindia nyumba. Mimi ndiye niliyekataa kusikia hilo neno kula. Kichwani mwangu kadi ile ilisema kwamba mimi ni askari wa ndege, basi.

Mama alijiunga namna mama wa Kikenya anavyojiunga na chama, yaani kwa nguvu zote. Siku ya kwanza ya kazi tulifika kabla ya kila mtu, tukiwa na chupa kubwa ya chai na mandazi ya kulisha kijiji. Watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wengine wamechelewa nusu saa. Mama akamuuliza Mzee Furtado faini ya kuchelewa ni kiasi gani.

"Hakuna faini, dada."

"Hamna faini? Sasa hiki chama kinasimamaje?"

"Kinasimama kwa mapenzi."

"Mapenzi!" Mama akavuta ulimi kwenye meno. "Mzee, utazikwa na hayo mapenzi."

Kazi ya siku ile ilikuwa kukata aina moja ya mti wa miiba ulioletwa kutoka Ulaya zamani, ambao humeza shamba lote na kuziua nyasi. Wanaume walikuwa na misumeno ya petroli. Mama alikuwa na panga lake, limefungwa kwenye leso ndani ya buti la gari. Alilifungua, akapiga shina la kwanza, pa! pa! likaanguka. Miiba ikamchana mikono hadi damu ikamfikia kwenye viwiko, hata hakuipangusa. Doug, jitu la ndevu nyekundu lililofundisha mbwa wa kuwinda, likazima msumeno likamtazama.

"Rose," akamwambia, "bakiza miti kidogo, ndege wapate pa kukaa."

Kila mtu akacheka, Mama zaidi. Nilimpenda Doug siku ile. Halafu wakachoma marundo ya matawi, na kutoka rundo la pili sungura akatoka mbio huku mgongo unafuka moshi. Akazunguka, akaanguka, akawa anapiga kelele, na sikujua kuwa sungura ana sauti. Inafanana na ya mtoto. Doug akamfuata na koleo, akampiga pigo moja, kelele ikakatika. Nilijificha ndani ya koti la Mama.

"Amemsaidia," Mama akaniambia.

Sikuelewa. Niliona koleo likishuka, nikaona damu kwenye nyasi, basi nikaweka akilini kwamba watu wazima wana neno lao la kuita kuua, na neno hilo ni kusaidia.

Vifaranga vilikuja mwezi uliofuata, mia moja na kitu, ndani ya kibanda chenye taa za joto. Nilidhani nitaona kitu kama kadi ya Pasaka, vile vifaranga laini vya manjano. Haki ya Mungu, wale ni wauaji. Mmoja akitokwa na tone la damu, wenzake wote wanamwona, wanamjia, wanamdonoa palepale panapovuja, na kadiri anavyovuja ndivyo wanavyokuja. Asubuhi tulikuwa tunaokota maiti zisizo na mgongo. Watu wa chama waliwafunga vipande vidogo vya plastiki kwenye midomo ili wasiumane, lakini waliwahi kwa wengine tu. Jumapili moja niliingia nikakuta duara kona ya kibanda, nikazama mikono miwili ndani, wakanidonoa hadi vidole vikavuja, nikatoka na mmoja. Mgongo wake wote ulikuwa nyama tupu. Bado anapumua.

"Huyo hafiki jioni," Doug akasema, kwa upole, na akanyoosha mkono ampokee.

Nilijua maana ya ule mkono. Nikamuuma.

Ndiyo, nilimuuma Doug kwenye kidole gumba. Mama aliona haya, akanikalipia mbele ya watu, akanifinya sikio. Lakini kwenye gari alimtazama kifaranga ndani ya kofia yangu, halafu akasema, "Tutampaka asali. Bibi yangu alikuwa akipaka asali."

Ndiyo zile siku kumi na mbili. Asali, maji ya chumvi, uji wa mtama kwa kidole, na lile sanduku la viatu kando ya mto, na manyoya yenye joto. Nilipomrudisha kibandani aliwekwa chumba chake peke yake, na nilikuwa namtembelea kila Jumapili. Mgongo ulipona lakini haukuota manyoya, ulibaki kipara cha waridi. Kola nyeupe ilipoanza kutokea shingoni mwake, Mama akasema tazama, huyu amepata upadrisho, basi akawa Padri. Padri alinifuata kama mbwa. Alipanda kiatu changu na kunidonoa kamba hadi nimpe mahindi.

Wenzake waliachiwa shambani vuli ilipoanza. Yeye hakuweza. Mgongo hauna manyoya, baridi ingemuua, tena hana hofu na mtu. Kamati ikaamua auzwe kwenye mnada wa ile jioni ya kuchangisha. Mzee Furtado mwenyewe alinipa habari, ameinama na mikono magotini.

"Mtu mzuri mwenye banda atamnunua, mwanangu."

Nikamtazama Mama. "Mama, sisi. Please. Mzee alisema anaweza kukaa kwake, ana banda la kuku."

"Nitakununulia," Mama akasema. "Nimesema."

Mama hakuwa mtu wa kusema mara mbili, kwa hiyo nililala usingizi wote wiki ile.

Ukumbi ulijaa. Meza ndefu, nyama choma ya kulungu, tiketi za bahati nasibu, bunduki mbili ukutani za kushindaniwa na watu wanazipapasa kama wachumba. Mama alivaa kitenge na viatu virefu, na chupa yake ya chai kwapani, kwa sababu kahawa ya ukumbini alisema ni maji ya kuoshea sufuria. Mzee Furtado ndiye aliyekuwa dalali. Alipoletwa Padri ndani ya tundu la waya watu wakafanya "aaa", maana alisimama wima na kola yake kama anayetaka kuanza misa.

Bei ikapanda. Mama akapandisha. Mwanamke mmoja akapandisha, Mama akapandisha tena, mkono juu, hata hakai. Nyundo ikagonga. Wetu! Nilipanda juu ya kiti nikapiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

Na Mama, badala ya kwenda kumchukua, akasimama katikati ya ukumbi, uso unang'aa, akapaza sauti kwa Kiswahili, "Namrudisha mnadani! Mzee, uza tena!"

Mzee Furtado akafurahi sana. Akawatangazia watu kwamba Rose amelipa na amemtoa ndege kwa chama auzwe upya. Watu wakasimama wote, wakampigia makofi, wengine wakapiga mluzi. Mama alikuwa anacheka na kuinama huku na huku. Mimi nilikuwa bado juu ya kiti. Nilihisi kama lifti yetu inapokwama na kushuka ghafla.

Mara ya pili Doug akamnunua. Makofi tena. Akachukua tundu, akalipitisha katikati ya meza, akatoka nalo mlangoni. Mama alibaki amesimama akiutazama mlango, tabasamu lake liko palepale, kama mtu anayesubiri chenji.

Nikamkimbilia Doug uwanjani kwenye magari. Alikuwa ameweka tundu nyuma ya gari lake, kwenye sehemu ya wazi ya mizigo, na mbwa wake mchanga yuko ndani mbele, anakwaruza mlango.

"Utamfuga?" nikamuuliza.

Doug hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililoniua. Akachuchumaa. "Hapana, mpenzi. Huyu ni wa kumfundishia mbwa. Mbwa lazima ajifunze kwa ndege mzima. Haitachukua muda, nakuahidi."

Nikarudi ndani mbio. Kitu kingine kilikuwa tayari kinauzwa. Nikamvuta Mama kitenge. "He's gonna kill him! Mama! He's gonna give him to the dog!"

"Hawezi. Atamrudisha. Subiri."

"He's not bringing him back!"

"Mami," Mama akaniambia, "huu ni mnada wa chama. Subiri, nimesema."

Sikusubiri. Doug alikuwa ameingia kwa mlango mwingine kwenda kulipa. Nikapanda nyuma ya gari lake nikafungua tundu, nikashuka na Padri, nikamweka chini. "Go," nikamwambia. "Kimbia." Yeye akapanda kiatu changu akaanza kudonoa kamba.

Doug aliporudi alifungua mlango wa gari kabla ya kutuona, na mbwa akatoka kama jiwe. Sikuona akifika. Niliona tu Padri hayupo tena kiatuni, yuko mdomoni mwa mbwa, bawa moja limefunguka kama mwavuli uliovunjika, na mbwa anamtikisa kulia na kushoto. Nikajitupa juu yake. Nikamshika mbwa masikio, nikampiga, nikamuuma, akamwachia Padri akanishika mimi, hapa kwenye mkono, na nikasikia jino likigonga kitu kigumu. Doug akamkamata mbwa kwa kola, akamnyonga hadi akafungua mdomo. Damu ilikuwa kila mahali, yangu, ya Padri, ya mbwa.

Ndipo Mama akatokea. Alichokiona ni mwanaume mkubwa ameinama juu ya mtoto wake aliyelowa damu. Hakuuliza. Alikuja mbio na viatu vyake virefu, akaizungusha ile chupa ya chai kwa mikono miwili na kumpiga Doug nayo kwenye paji la uso. Nilisikia kioo cha ndani kikipasuka. Chai ya moto ikammwagikia ndevuni. Doug akapiga magoti. Mama akampiga tena begani, na tena, anamtukana kwa Kibukusu, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia ila akizungumza na mama yake kwenye simu. Doug hakurudisha hata pigo moja. Alikuwa anasema tu, damu zimemjaa machoni, "Mtoto, Rose. Mtazame mtoto."

Watu wakatoka. Mzee Furtado akamshika Mama kiunoni. Na katikati ya viatu vyao wote Padri alikuwa bado yuko hai. Alikuwa anajaribu kunijia kwa bawa moja, mgongo ule tuliopaka asali umefunguka wazi. Mama akajivua mikononi mwa mzee. Akapiga magoti, akamchukua, akamlaza mapajani kwenye kitenge, mkono mmoja kwenye miguu, mwingine kwenye ile kola nyeupe. Akavuta mara moja.

Doug alikataa polisi waitwe. Alishonwa, mimi nikashonwa, na makovu yangu ninayo, matundu manne kama ya kitufe. Lakini mimi moyoni nilikuwa nimeshafunga hesabu. Mama alimuuza rafiki yangu ili apigiwe makofi, kisha akamuua kwa mikono yake. Nikaacha kumjibu kwa Kiswahili. Anaongea, nami namjibu "fine", "okay", "whatever", mlango unafungwa. Ninyi mliokulia huku mnajua jinsi Kiingereza kinavyoweza kuwa ukuta ndani ya nyumba ya mtu. Mama alipika vitu vyote nilivyovipenda. Nilivila nikitazama ukuta.

Majani yalipokwisha kuanguka ikaja barua: kamati itakaa kibandani shambani kuamua kama Mama afukuzwe. Mama alikaribia kufurahi. "Hiki sasa ni chama," akasema. Akavaa nguo za kanisani. Nilienda kwa sababu hakukuwa na wa kunilinda.

Walikuwa watu kumi na wawili kwenye viti vya kukunja, na Doug mbele, kovu jekundu kutoka nywele hadi nyusi. Mzee Furtado akasema Mama ana haki ya kujieleza na yeye atatafsiri.

"Hapana, Mzee," Mama akasema. "Siku ile ulitafsiri ukaishia nusu. Mtoto wangu atatafsiri."

"Your English is fine," nikamnong'oneza kwa hasira.

"Kiingereza changu ni cha kazini. Cha kuomba msamaha sina."

Akasimama, mimi kando yake. Alisema kipande, akasubiri, nami nikakisema kwa Kiingereza nikitazama sakafu. Alisema, kwetu kanisani mtu asiye na pesa huleta kuku, na kuku ananadiwa baada ya ibada. Nikasema. Alisema, anayemnunua hamchukui, anamrudisha anadiwe tena, na wa pili anamrudisha, na wa tatu, hata mara nane, ndivyo kanisa letu lilivyopata mabati. Nikasema. Alisema, na wa mwisho kabisa hampeleki kuku nyumbani kwake. Anatafuta mtoto ndani ya kanisa, au mjane, anampa. Hakuna anayemwambia. Kila mtu anajua.

Hapo nikakwama.

"Sema," Mama akaniambia polepole.

"She says," nikasema, halafu nikaanza upya, kwa sababu mtafsiri husema mimi. Nikasema: Mimi nilimrudisha kwa sababu nilijua mnajua mtoto ni yupi. Nilikuwa nataka anunuliwe na ninyi wote, kisha ninyi mmpe mtoto, asione kwamba ana mama tu hapa Kanada. Nikasema: Doug, nisamehe, ulikuwa umelipa na kuchukua chako, mimi ndiye niliyekuwa kwenye mnada mwingine. Nikasema: Nilimuua yule ndege kwa sababu alikuwa anaumia, na hakuna mwingine niliyetaka mwanangu amkumbuke kwa kazi hiyo.

Nilizisema zote kwa mdomo wangu, mimi, mimi, mimi, na sauti yangu ikawa inatoka kama ya mtu mwingine. Doug alikuwa amefunika macho kwa ule mkono niliouma.

Mama akamalizia. "Waambie, mkinifukuza ni haki, nilimwaga damu ya mwanachama. Lakini mtoto hana kosa, abaki na kadi yake."

Nikainua kichwa nikawatazama mmoja mmoja.

"She says if you kick her out," nikasema, "I'm out too."

Wakatuomba tusubiri nje wapige kura. Upepo ulikuwa mkali, nyasi walizopanda zimelala chini kama nywele. Mama alifungua koti lake akaniingiza ndani. Tulikaa hivyo muda, tunasikia viti vikisogezwa mle ndani.

"Sikusema hivyo," akasema juu ya kichwa changu.

"Najua, Mama," nikamjibu. "Nilisema mimi."

Akanibana zaidi, hadi yale matundu manne yakauma. Kisha mlango ukafunguliwa, Doug akachungulia na kovu lake.

"Rose, mnafanya nini huko nje?" akasema. "Kuna baridi. Ingieni."